Taa ya kuning'inia ya ukili: jinsi ya kuitengeneza mwenyewe

Maswali ni yale yale kila mara. Ukindu si utashika moto? Niweke balbu gani? Ni lazima nijue kusuka? Mbona taa yangu ilipendeza mchana, lakini usiku inaumiza macho na chumba bado kina giza? Nimeamua kuyajibu yote kwa kazi moja, hatua kwa hatua: kofia ya taa ya kuning'inia, mdomo wake sentimita 40, iliyoshonwa kwa ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa kwa chane (vipande vyembamba vya majani ya mkindu), na kufungwa balbu ya LED. Ukiwa na ukili mkononi, kushona ni kazi ya siku mbili, kisha unaiacha siku mbili nyingine ikauke.

Majibu mafupi kwanza. Kusuka si lazima, unaweza kununua ukili uliokwisha kusukwa na kuanzia hatua ya tatu. Ukindu ni jani kavu na jani kavu linaungua, kwa hiyo usalama wote wa taa hii uko kwenye balbu. Balbu ya zamani ya waya unaowaka hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto, na kioo chake hupita nyuzijoto 100. Hiyo isiingie kabisa ndani ya kofia ya ukili, hata kwa usiku mmoja wa kujaribia. LED ya wati 6 hadi 9 ndiyo tunayoizungumzia humu mwanzo hadi mwisho.

Anza na mwanga

Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, ukili umeshonwa miaka na miaka kuwa mikeka, makapu na kawa. Vyombo hivyo vinatazamwa kwa mwanga unaovipiga kutoka nje. Taa inatazamwa mwanga ukiwa ndani, na hilo linabadilisha karibu kila uamuzi wa mshonaji. Mkia wa chane ulioufichia upande wa ndani, ambao kwenye kapu hakuna angeuona, kwenye taa unatokea ukutani kama mstari mweusi. Pambo la rangi tatu ulilolihangaikia wiki nzima linakuwa doa la giza.

Kabla hujakata kitu, fanya jaribio hili. Usiku, washa balbu utakayotumia, zima taa nyingine zote, kisha shika kipande cha ukili sentimita 10 mbele yake. Tazama polepole. Pale chane zinapopandana mara mbili pana giza, penye chane moja panang'aa manjano iliyokolea, na kwenye pembe ambapo chane zinapishana kuna vitundu vidogo vyenye ncha nne vinavyopitisha mwanga mweupe mtupu. Ukili uliobanwa sana hauna vitundu hivyo, uliolegea unavyo vingi. Hapo ndipo unapochagua taa yako itakuwa ya aina gani, kabla hata ya kufikiria umbo.

Ndiyo maana sipendi ushauri wa kuchukua kapu zuri, kulitoboa kitako na kulining'iniza darini. Ufundi wa asili hauwi taa ya kisasa kwa kugeuzwa juu chini. Mchongaji sanamu Isamu Noguchi alipoanza kubuni taa zake za Akari mwaka 1951 kule Gifu, Japani, aliwaachia mafundi wa fanusi ufundi wao wa mianzi na karatasi ya washi kama ulivyo. Alichobadilisha ni umbo, pamoja na kuweka balbu ya umeme ndani yake. Njia hiyo inatufaa na sisi. Acha mkono wa ukili ufanye kazi unayoijua, ondoa mapambo, halafu umakini wako wote upeleke kwenye njia ya mwanga.

Mahitaji

Vya kushonea:

- Ukili wa upana wa sentimita 3, mita 10. Hesabu ya kofia hii ni kama mita 8, zinazobaki ni za akiba. Ukili wa ukindu ni laini na unapitisha mwanga vizuri. Wa miyaa, aina nyingine ya majani ya kusukia, ni mgumu zaidi na mzito kwa macho, ingawa unadumu.
- Chane chache za ukindu ambazo hazijasukwa, za kufungia ukingo.
- Uzi wa katani mwembamba, au wa pamba uliopakwa nta. Uzi wa nailoni unateleza, na unang'aa vibaya taa ikiwaka.
- Shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka. Sindano ya kawaida itakuvunjikia.
- Vibanio vya nguo, kama kumi na tano.
- Beseni au ndoo pana yenye mdomo wa sentimita 40 hivi na kina kisichopungua sentimita 20. Hii ndiyo kalibu, yaani umbo utakaloshonea juu yake.

Vya kiunzi:

- Kipande cha plaiwudi ya milimita 4, sentimita 15 kwa 15.
- Waya wa chuma usioshika kutu, unene wa milimita 3, urefu wa mita 1.3.
- Bikari, penseli, futi ya utepe, msumeno mwembamba, drili yenye kekee ya milimita 3 na ya milimita 12, msasa, koleo.

Vya umeme:

- Holda ya plastiki yenye pete ya kubania kofia, ya pini au ya kuzungusha, ilingane na balbu yako.
- Waya laini wa nyuzi mbili, wa mduara, wa milimita za mraba 0.75. Usitumie waya mgumu wa ndani ya ukuta kuning'inizia taa, unachoka kwa kuchezacheza na kukatika ndani ya ganda bila kuonekana.
- Balbu ya LED ya rangi ya joto, 2700K, yenye ganda jeupe la maziwa. LED ya kioo angavu inaonyesha nyuzi zake kwenye kila kitundu na itakuchokesha.
- Kama hutagusa nyaya za darini: plagi yenye fiuzi ya ampea 3, swichi ya kwenye waya, na kulabu ya dari.

Kuhusu ukali wa balbu, soma lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na usiishie kwenye wati. Lumeni 470 ni mwanga wa balbu ya zamani ya wati 40, na zinatosha kwa kona ya kukaa. Juu ya meza nenda lumeni 806, sawa na ile ya wati 60. Ukili unakula sehemu kubwa ya mwanga unaokwenda pembeni, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, chukua ile kubwa.

Hatua

1. Andaa chane (kama unasuka mwenyewe). Pasua majani yaliyokauka kwa upana unaolingana, milimita 5 hadi 6. Ulinganifu huo una maana kuliko wembamba. Ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 15 hadi 20, zitoe, zifunge kwenye kitambaa kibichi na zitumie siku hiyo hiyo. Zikilala majini usiku kucha zinalegea na kuanza kunuka, na harufu hiyo hairudi nyuma. Ukienda kukata makuti machanga mwenyewe, usiuvue mkindu mmoja makuti yake yote ya moyoni. Chukua kidogo kwenye kila mti.

2. Suka ukili. Kwa anayeanza, chane saba zinatosha. Zifunge pamoja kichwani na kuzibana chini ya kitu kizito. Chukua chane ya mwisho kushoto, ipitishe juu ya ya pili, chini ya ya tatu, juu ya ya nne, uende hivyo hadi ukingo wa kulia. Sasa kuna chane mpya kushoto kabisa. Ipitishe vile vile, na uendelee kila mara kutoka kushoto. Kila baada ya mistari michache, vuta ukingo wa kulia na wa kushoto kwa nguvu moja ili ukili usipinde. Ukiupima baada ya nusu mita ukaona haufiki sentimita 3, ongeza chane mbili, idadi ibaki witiri. Chane ikikaribia kuisha, laza mpya juu yake kwa sentimita 5 na usuke zote mbili kama moja. Usiunge chane mbili mahali pamoja, patakuwa na nundu, na nundu kwenye taa ni doa.

3. Kata mikia. Hatua hii inarukwa na wengi. Geuza ukili wote upande wa nyuma na ukate kila kijinywele kilichochomoza, karibu kabisa na msuko, kwa mkasi mkali. Kisha upitishe ukili mbele ya balbu mita kwa mita. Kila unachokiona kimechomoza sasa utakiona kila usiku baadaye.

4. Tengeneza kisahani cha juu. Kwenye plaiwudi chora duara la nusukipenyo cha sentimita 6, na ndani yake jingine la sentimita 5.5. Bikari ikiwa bado imefunguliwa sentimita 5.5, tembeza alama kwenye duara la ndani: zitaingia sita kamili. Gawa kila nafasi mara nne kwa jicho na rula, utapata alama 24 zilizoachana kama milimita 14. Hizo ndizo tundu za kushonea, zitoboe kwa kekee ya milimita 3. Katikati kata tundu la holda. Pima pete ya holda yako kwanza: za pini huwa karibu na milimita 29, za kuzungusha karibu na milimita 40, lakini zinatofautiana. Kati ya tundu la holda na ukingo, toboa matundu manne ya milimita 12 ya kutolea joto. LED haina joto la kuunguza, ila kifaa cha umeme kilicho kwenye shingo yake kinakufa mapema kikikaa kwenye hewa iliyofungiwa. Kata kisahani kwenye duara la nje, piga msasa.

Funga holda kwenye kisahani sasa, kabla ya kushona chochote, uhakikishe pete inakaza. Ukigundua baadaye kwamba tundu ni dogo, utakuwa unakwangua mbao huku kofia nzima ikining'inia mkononi. Ikishakaa sawa, itoe.

5. Pima kina. Holda ikiwa mahali pake na balbu imefungwa, pima kutoka kisahani hadi ncha ya chini ya balbu. Mara nyingi ni sentimita 14 hadi 16. Mdomo wa kofia lazima ushuke chini ya hapo kwa sentimita 4 au zaidi, ndiyo sababu ya kalibu ya sentimita 20. Mdenmark Poul Henningsen alitumia miaka ya 1920 kutafuta umbo la taa linaloficha balbu isiyapige macho moja kwa moja, na taa zake zinatengenezwa hadi leo kwa sababu alilipata. Taa inayoonyesha balbu kwa aliyeketi haina raha, hata iwe imesukwa na fundi gani.

6. Anza mzunguko wa kwanza. Funika beseni lililogeuzwa kwa karatasi ya plastiki, weka kisahani katikati ya kitako chake, kibane kwa utepe. Lowesha ukili kwa kitambaa kibichi, usiutose ndani ya maji tena. Kata kichwa cha ukili kwa mshazari ili mzunguko uanze kwa wembamba na usiache ngazi. Ingiza ukingo wa ukili chini ya kisahani kwa sentimita moja na uushone kupitia zile tundu 24, uzi ukipanda kwenye tundu moja na kushuka kwenye linalofuata. Zunguka kisahani mara mbili kwa uzi ule ule, ukijaza mishono ya kwanza kwa kurudi. Hapa ndipo uzito wote wa kofia unaposhikia.

7. Endelea kushuka. Mzunguko mpya unaingia chini ya ukingo wa ule wa juu, milimita 5, kama makuti yanavyopandana kwenye paa. Wengi hufanya kinyume, wanalaza mpya juu ya wa zamani kwa kuwa ni rahisi mkononi. Matokeo yake kila mzunguko unakuwa rafu ya vumbi na mwanga unavujia juu, mahali ambapo haumsaidii mtu. Inua ukingo kwa kidole, sukuma ukili ndani, bana kwa vibanio vitatu vinne mbele yako, kisha shona. Mshono upite kwenye vikunjo vya ukingo wa ukili, usitoboe katikati ya chane, maana chane iliyotobolewa inapasuka ikikauka. Sentimita moja na nusu kati ya mshono na mshono inatosha.

Mkono wako ndio unaotoa umbo, kwa hiyo usikie ukili. Ukiuvuta, kofia inajikunja ndani. Ukiulegeza, ukingo unafanya mawimbi. Unapopita juu ya kitako cha beseni uache ulale bila kuvutwa, na unapofika kwenye bega, pale kitako kinapoanza kuwa ubavu, vuta kidogo kidogo kwa mzunguko mzima. Usivute kwa ghafla mahali pamoja. Kila ukimaliza mzunguko, simama mbali hatua tatu na uitazame kalibu kwa usawa wa macho.

8. Fungua njia ya mwanga. Baada ya mizunguko sita iliyofungwa, tunaacha pumzi. Mzunguko wa saba, wa nane na wa tisa usipandane. Acha nafasi ya milimita 4 kati ya ukingo na ukingo, ukiweka kijiti chembamba kama kipimo, na uunganishe kwa mishono iliyosimama wima kila baada ya sentimita mbili. Zungusha uzi mara mbili kwenye kila mshono ili usimame kama kijiguzo. Hizi pete tatu za mwanga ndizo pambo la taa hii, na zinafanya kazi: zinapeleka mwanga ukutani bila kuyapiga macho. Usizipeleke juu zaidi ya hapo. Nafasi ikiwa usawa wa tumbo la balbu, aliyesimama mlangoni atapigwa na mwanga wa moja kwa moja.

Rangi? Kama unataka, mzunguko mmoja tu, ule wa mwisho mdomoni. Ukindu uliochemshwa kwa rangi ya zambarau au nyeusi hauruhusu mwanga kupita, na mdomoni huo weusi unasaidia, unaikata taa vizuri mbele ya ukuta.

9. Tia pete ya mdomo. Pinda waya wa milimita 3 kwa kuufuata mdomo wa beseni, mwisho upandane sentimita 5, funga mapandano kwa waya mwembamba na ukunje ncha zake zisichome. Laza pete ndani ya ukingo wa mzunguko wa kumi. Kata mkia wa ukili kwa mshazari mrefu, sentimita 15 hivi, ili mdomo umalizike taratibu. Kisha zungushia chane mbichi kwenye ukingo na waya pamoja, kila mzungusho ukigusana na mwenzake, mpaka chuma kisionekane. Vuta kila chane kwa nguvu, kwa sababu ikikauka inasinyaa kidogo kwa upana na mizungusho iliyolegea itateleza.

10. Kausha juu ya kalibu. Siku mbili, kivulini, penye upepo. Watu wana haraka, wanaitoa ikiwa na unyevu na kuianika juani. Upande mmoja unakauka kabla ya mwingine na kofia inakwenda upande, na ikishakwenda hairudi bila kuloweshwa upya. Ligeuze beseni upande mara mbili kwa siku. Ikikauka vizuri inatoa sauti kavu ukiigonga kwa kucha, na plastiki ya chini haina jasho.

Usipake vanishi. Najua inang'arisha, na najua utaambiwa inahifadhi. Inaifanya chane iwe ngumu ya kupasuka, inaziba vile vitundu vya mwanga, na inaongeza kitu kingine cha kuungua karibu na umeme. Ukindu mtupu unazeeka kwa kukolea rangi, na taa inazidi kupendeza.

11. Funga umeme. Mpaka hapa, hakuna kitu kilichochomekwa popote. Pitisha waya kwenye kifuniko cha holda kabla ya kufunga ncha, maana kila anayeanza huisahau na kufungua tena. Menya ganda la nje sentimita 3, na nyuzi za ndani milimita 7. Kwenye holda ya kuzungusha, waya wa kahawia, yaani laini (ule unaoleta umeme), unakwenda kwenye ncha ya katikati, na wa buluu, yaani nyutro (ule unaourudisha), kwenye ganda la chuma ambamo balbu inazungushwa. Ukiugeuza, taa itawaka kama kawaida, lakini ganda ambalo vidole vinaweza kuligusa wakati wa kubadilisha balbu litakuwa na umeme. Kwenye holda ya pini upande hauna tofauti. Vuta kila waya baada ya kukaza skrubu. Hakikisha kishikio cha waya kimebana ganda la nje, ili uzito ubebwe na ganda na zile nyuzi mbili za ndani zisivutwe. Holda ikiwa ya chuma inahitaji waya wa nyuzi tatu, wenye ethi (uzi wa ardhini), na kwa taa ya kwanza nakushauri uachane nayo.

Kofia ya ukubwa huu haifiki kilo moja, na waya wa 0.75 unaibeba bila shida.

12. Ining'inize. Njia nyepesi, hasa kama nyumba ni ya kupanga, ni kulabu darini, waya unashuka ukutani hadi kwenye soketi, swichi iko kwenye waya. Kulabu iingie kwenye mbao au zege, isishikie dari la jipsamu peke yake. Kama taa inakwenda kwenye rozi ya darini (kile kifuniko zinapotokea nyaya za umeme), mwite fundi umeme mwenye leseni. Kwa Kenya leseni hiyo inatolewa na EPRA, kwa Tanzania Bara ni EWURA. Ukisimama kumsaidia, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na nyaya zipimwe kwa testa kabla ya kuguswa. Kuzima swichi ya ukutani peke yake si kuzima umeme wa darini.

Juu ya meza, mdomo wa kofia ukae sentimita 70 hadi 75 kutoka usoni mwa meza. Kaa kwenye kila kiti na uangalie: ukiiona balbu kutoka kiti chochote, shusha taa. Mahali watu wanapita chini yake, iache mita 2.1 kutoka sakafuni.

Washa, iache saa moja, kisha weka kiganja kwenye ukili juu ya balbu. Uvuguvugu ni sawa. Joto linalokufanya uondoe mkono ni ishara kwamba balbu ni kubwa mno au matundu ya kisahani yamezibwa. Zima na urekebishe kabla ya kuitumia tena.

Ikienda kombo

*Ukingo una mawimbi.* Ukili ulilegezwa. Kama ni mzunguko mmoja, lowesha hapo kwa kitambaa, rudisha kofia kwenye kalibu, ivute kwa uzi uliozungushwa nje na uiache ikauke. Kama ni mitatu, fumua hadi ulipoanza. Ukili hauharibiki kwa kufumuliwa, uzi ndio unaopotea.

*Taa imeinama upande.* Kwanza tazama holda: pete ikikazwa upande, kofia yote inafuata. Kama holda iko sawa, uzito uko kwenye mapandano ya pete ya mdomo. Funga kipande kifupi cha waya ule ule upande wa pili, ndani ya ukingo, ukipunguza kidogo kidogo mpaka isawazike.

*Mwanga ni mdogo.* Kabla ya kununua balbu kubwa, weka karatasi nyeupe nene ndani ya kofia, kwenye ile mizunguko sita ya juu, isiguse balbu. Mwanga uliokuwa unapotelea kwenye ukili utarudishwa chini. Ukiona inatosha, ishone pale kwa mishono michache na uache matundu ya kisahani wazi.

*Balbu inapepesa.* Kama swichi ni ya kupunguza mwanga, LED yako lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Kama ni swichi ya kawaida, skrubu ya holda imelegea. Zima umeme, fungua, kaza. Usiipuuze hii, mguso uliolegea unatoa joto.

*Taa imezimwa lakini balbu ina mwanga hafifu.* Mara nyingi ni swichi yenye kitaa kidogo ndani yake, umeme mdogo unaopita humo unatosha kuamsha LED. Badilisha swichi. Kama swichi haina kitaa, huenda inakata nyutro badala ya laini, na hilo ni la fundi.

*Ukungu au harufu.* Kofia ilifungwa kabla ya kukauka, au chumba kina unyevu. Ifungue, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, ianike kwenye upepo siku nzima. Bafuni na karibu na mvuke wa jikoni taa hii haifai hata ukiikausha namna gani.

*Unga mwembamba chini ya taa.* Kuna mdudu ndani ya chane. Iteremshe, tenga kofia na nyaya, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza siku kadhaa. Iache irudi kwenye joto la kawaida ikiwa bado ndani ya mfuko, ndipo uifungue na kuipangusa.

*Vumbi.* Brashi laini ya rangi, kavu, kutoka juu kwenda chini, umeme ukiwa umezimwa. Kitambaa kibichi kinalisukuma vumbi ndani ya msuko na kulifanya tope, halafu halitoki.

*Chane moja imekatika kwenye mdomo.* Usiivute. Lowesha chane mpya, ingiza kichwa chake chini ya mizungusho mitatu upande wa kushoto wa palipokatika, zungushia kufunika, ichomekee mkia chini ya mitatu ya kulia, kisha kata karibu na ukingo.